Spika Bubu

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Imezima tena! Amplifaya ya Ruweida. Harusi ya tatu hii!

Kaja mwenyewe asubuhi, buibui limepanda upande mmoja, na nyuma yake tuk-tuk ya pili imebeba ile spika kubwa kama kabati la nguo. Hakunisalimia sawasawa. Ruweida ni mtu wa salamu ndefu, huuliza mpaka hali ya paka. Leo paka hakuulizwa.

Shauri ni lilelile. Kikundi chake cha kina mama kinaimba, vigoma vidogo vinakwenda, lakini ngoma kubwa ikiingia tu — kimya. Taa nyekundu. Wageni wanageuka, bibi harusi anageuka, yeye kabaki na maikrofoni mkononi.

Nikaifunga mezani mbele yake, kwenye rizista yangu ya kupimia. Ni waya wa hita uliozungushwa kwenye kigae. Hautoi sauti, unapata moto tu. Amplifaya ikafanya kazi saa nzima bila hata kukohoa. Ruweida kasema mgonjwa huyu hupona kila akimwona daktari, akitoka akafia njiani. Kisha kasema tarehe kumi na tano ni singo ya Jannat, siku ya kumsugua bibi harusi manukato, na ikizima siku hiyo, yeye na vikundi vyote vya wanawake wa Mji wa Kale watapeleka vyombo vyao kwa mafundi wa Bondeni. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Na siwezi kuijaribu kwa spika yake! Nyumba hii ina eda. Tangu Mzee Abdulkarim, mwenye nyumba, afariki, mkewe Bi Ummukulthum hatoki huko juu, na Bwana Saif, ndugu wa marehemu, ndiye mwenye kauli. Kauli yake kwangu ilikuwa fupi: sauti ya spika isitoke nyumba hii mpaka eda iishe, na ikitoka, nibebe vyombo vyangu. Chumba hiki cha chini nimekipanga miaka mingi, najua kila ufa wake na kila panya wake. Siendi popote.

Fundi wa sauti katika nyumba ya kimya. Haya, Ndinda. Ulitaka kazi ya kichwa, umeipata.

Jumanne, 4 Novemba

Bi Ummu kaniita juu. Mimi ni mwanamke, napanda na kushuka nitakavyo. Mafundi wengine wote wa mji huu wangeishia mlangoni. Hii ndiyo faida ya kuwa fundi mwenye sketi.

Nimezoea ngazi zile kunukia udi. Sasa zinanukia chokaa. Yeye kavaa nyeupe, hana wanja, hana hina, mikono imekuwa kama ya mtu mwingine. Kanimiminia chai mwenyewe, kakataa nimsaidie.

Kumbe alitaka kuuliza habari za amplifaya. Jannat ni binti wa mdogo wake aliyefariki, kalelewa humu humu, na Bi Ummu ndiye somo wake — yaani mama anayemfunda mwari mpaka siku ya harusi. Mume mtarajiwa ni baharia, likizo yake haingoji eda ya mtu. Singo itapigwa nyumba ya mbele, ng'ambo ya kichochoro. Mtu akitupa embe kutoka dirisha hili linaingia dirisha lile. Na desturi ya ukoo wao ni kwamba hakuna mkono unaogusa singo kabla somo hajasema ianze. Somo mwenyewe hawezi kuvuka kizingiti, wala kugusa sandali, maana mwenye eda hagusi manukato. Basi Ruweida atasema badala yake, kwenye maikrofoni, na Bi Ummu atasikiliza dirishani.

“Siku hiyo, mwanangu, masikio yangu ndiyo miguu yangu,” kasema. “Chombo kikizima, mimi sikwenda.”

Nimeshuka ngazi moyo mzito. Nilidhani nina shida ya Ruweida na shida ya Bwana Saif. Sasa hizo mbili naziona ndogo.

Jumatano, 5 Novemba

Nimepata! Nilikuwa naosha sufuria.

Rizista yangu ni mwongo. Rizista ni mtu wa msimamo mmoja: mpelekee sauti nene au nyembamba, atakupinga kwa kiasi kilekile. Spika si hivyo. Spika ina tabia. Kwa sauti hii inapinga kidogo, kwa ile inapinga zaidi, na iko sauti moja ambayo koni yake inaipenda, ikiisikia inacheza yenyewe — hapo ukinzani unapanda mlima. Tena umeme wenyewe hauendi pamoja na msukumo. Mara unatangulia, mara unachelewa. Amplifaya inauliwa na tabia hizo. Mezani kwangu haijawahi kukutana nazo, ndiyo maana inajiona nzima.

Basi nitengeneze sakiti yenye tabia zote za spika lakini isiyo na mdomo. Koili, yaani waya uliosukwa, na kapasita, kile kikopo cha kuwekea chaji, ukiziweka sambamba, nazo zina sauti moja zinayoipenda, nazo hupanda mlima wao. Nikizichagua vizuri, mlima ukawa palepale, kimo kilekile, unene uleule, amplifaya itaapa kwamba imefungwa kwenye spika. Spika bubu!

Nimempigia Odera. Tulisoma pamoja chuoni, sasa yuko bandarini Mbaraki kwenye umeme wa kreni. Kacheka mpaka nikaitoa simu sikioni. Kasema mafundi wote duniani wanahangaika spika itoe sauti, Ndinda peke yake ndiye anahangaika isitoe. Lakini kaahidi kunipa chuma cha transfoma iliyoungua. Kumcheka mtu na kumsaidia kwa Odera ni kitu kimoja.

Nimeikagua spika. Kasha zuri, koni haina tundu, na lile tundu kubwa la mbele limeshindiliwa nguo mpaka mwisho. Nguo nyingi tu. Kila mtengenezaji na mambo yake.

Alhamisi, 6 Novemba

Kupima lazima nitie sauti, hakuna hila. Lakini nimeitia kwa kijiko: mlio wa simu, umepitia rizista kubwa, unafika kwenye spika kama mbu aliye chumba cha pili. Nabadilisha mlio, nasoma mita, natia nukta kwenye karatasi ya grafu. Nabadilisha, nasoma, natia.

Katikati ya kazi kikapu cha Bi Ummu kikashuka mbele ya mlango wangu kwa kamba yake, kile anachonunulia mboga. Ndani mna kaimati, na kamba inavutwavutwa. Maana yake: panda.

“Ni nani yuwavuma huko tini?” kaniuliza.

Nilidhani nimefukuzwa. Kumbe vijiko vyake vya kabatini vinatetemeka! Si kwa kila mlio, kwa mmoja tu. Nikamweleza: kila kitu kina sauti yake, ukiipata kinaitika. Kikombe kina yake, kijiko kina yake, koni ya spika ina yake, na mimi naitafuta ya koni. Kafikiri kidogo, kisha kasema vijiko vyake havina ulimi wa kwenda kwa Saif, niendelee, na vikitetemeka atavuta kamba.

Basi mchana mzima tumefanya kazi wawili. Mimi napandisha mlio, kikapu kinaruka mlangoni, najua vijiko vimeitika. Hainisaidii lolote kwa spika! Sauti ya vijiko na sauti ya koni hazihusiani kabisa. Lakini sikumwambia. Nilimsikia akicheka juu, mara ya kwanza tangu msiba.

Grafu imetoka safi. Tambarare ya ohm sita na kitu, kisha kwenye herzi sitini na nne nundu moja nzuri, inapanda hadi arubaini, inashuka. Kama ngamia wa kubebea watalii pale ufukweni.

Ijumaa, 7 Novemba

Hesabu zimesema: kapasita ya mikrofaradi mia mbili thelathini na kitu, koili ya milihenri ishirini na sita, rizista mbili. Kapasita ninazo, mbili kubwa nimezigeuza mgongo kwa mgongo. Koili ndiyo kazi. Waya wa shaba nimeupata kwa wasukaji wa feni karibu na Biashara Street, chuma cha Odera kimefika kwa pikipiki, nikakaa kusuka.

Nahesabu mizunguko kwa Kikamba. Ndiyo lugha niliyofundishwa kuhesabia, na nikihesabu kwa Kiswahili nakosea. Midomo inacheza, macho kwenye waya, nimefika mbali kabisa — Bwana Saif huyo mlangoni, katoka msikitini, kanzu inang'aa. Kasalimu. Nikijibu, hesabu imekwenda! Nikainua kidole, maana yake subiri kidogo. Yeye kakiangalia kidole. Kaangalia shaba. Kasikiliza ninavyonong'ona. Mkamba, peke yake, ananong'onea waya wa shaba siku ya Ijumaa. Najua alichofikiria, uchawi wa Ukambani, na sikuwa na namna ya kumtoa wasiwasi!

Kakohoa. Hesabu ikaenda.

Nikamwitikia salamu zake zote, nikamwomba radhi. Kauliza ninasoma nini. Nikasema nahesabu. Kauliza kwa nini nahesabu kwa siri. Katega sikio kwenye spika, kwenye amplifaya, mpaka kwenye kettle ya chai, kote kimya, kaondoka hajaridhika. Si mtu mbaya. Nduguye alikuwa ndiye mzungumzaji wa nyumba hii; yeye kaachiwa funguo tu, na kila kitu anakishika kwa nguvu asije akakiangusha.

Nimeanza kusuka upya. Kwa Kikamba vilevile.

Jumamosi, 8 Novemba

Mara ya kwanza nundu ilitokea herzi sabini na moja. Koili haba. Nikaongeza mizunguko: herzi sitini na mbili. Mingi mno. Nikapunguza. Sitini na nne! Nikaipima kama nilivyopima spika, nukta kwa nukta, karatasi ileile, kalamu nyekundu. Mstari mwekundu umelala juu ya mstari wa buluu. Nimewaangalia wale ngamia wawili waliolaliana mpaka chai ikapoa.

Kisha nikafunga amplifaya kwenye spika bubu, nikaipa ngoma ya Ruweida iliyorekodiwa kwenye simu, nikafungua mpaka mwisho. Nguvu ya kuamsha mtaa mzima, na chumbani hamna kitu! Koili inanung'unika kidogo, basi. Nilikuwa natabasamu peke yangu.

Tatizo: haikuzima. Nimeiacha mchana kucha. Nimeipiga ngoma, nimeipiga kofi. Nzima kama kigongo.

Ruweida kaja kuichukua, ana shughuli Kibokoni kesho alasiri. Kauliza, imepona? Nikasema imepona. Nilisikia sauti yangu ikisema hivyo, na roho yangu ikiwa haimo.

Jumapili, 9 Novemba

Aibu!

Nimetoka kanisani nikapitiliza Kibokoni na gauni langu la ibada, nikajibanza nyuma ukumbini karibu na masufuria ya biriani. Nyimbo mbili vizuri. Wa tatu ngoma kubwa ikaingia. Taa nyekundu. Kimya. Ruweida hakuitazama amplifaya. Kanitazama mimi. Na ukumbi mzima ukafuata macho yake mpaka kwenye gauni langu la maua.

Lakini nimeona jambo! Niandike kabla aibu haijanilewesha.

Nilifika mapema, wakiwa wanapanga vyombo. Kabla ya kuanza, wale kina mama walikwenda kwenye spika, mmoja mmoja, wakachomoa leso kutoka lile tundu la mbele. Leso, tena leso, sare yao nzima ya kuchezea! Nikauliza. Wakaniona mjinga. Hilo ndilo kabati lao. Tangu kikundi kianze, leso husafiri ndani ya spika, hazikunjiki wala hazipotei, wakifika wanazitoa, wanajifunga, wanacheza. Wakimaliza wanazishindilia tena. Ndivyo ilivyokuja kwangu, imeshiba leso.

Mimi nimepima kabati la nguo! Kwa siku nzima, kwa karatasi ya grafu, na kamba ya kikapu!

Ruweida kanipa mpaka Jumamosi kwa sababu hakuna tena wa kumpa kabla ya hapo. Hiyo ndiyo sababu aliyonitajia. Kwa Bi Ummu sijapanda. Nimepita ngazini nimevua viatu.

Jumatatu, 10 Novemba

Kikapu kimeshuka asubuhi na mapema. Ndani hamna kitu, kamba inavutwa tu. Nikapanda, nikamweleza yote, mpaka leso. Kanisikiliza hadi mwisho, kisha kasema leso hizo yeye ndiye aliyezichagulia jina, ule msemo wake, kikundi kilipoanza, na mimi nizitoe tunduni kwa adabu. Hakunilaumu. Ningelaumiwa ningejisikia vizuri zaidi.

Spika imerudi, tundu wazi. Mbu wangu kazini.

Nundu mbili! Moja herzi ishirini na saba, moja sabini na nne, na katikati yake bonde, chini kabisa, arubaini na tano. Ngamia wa nundu mbili. Hawapo Kenya hawa! Hewa ya ndani ya lile tundu nayo ina sauti yake inayoipenda, inacheza na koni kama watu wawili kwenye bembea moja. Ukiziba tundu, anabaki mmoja.

Na sasa naelewa kwa nini bubu wangu alidanganyika. Tundu likizibwa, ngoma kubwa inaangukia karibu na kilele cha nundu, mahali ambapo spika inapinga sana na amplifaya inapumzika. Tundu likifunguliwa, mahali palepale pamekuwa mteremko wa kuingia bondeni. Umeme unamiminika, tena unafika nje ya wakati wake. Pale ndipo inapofia, na mimi nimeipima siku nzima ikiwa kitandani.

Dawa kwenye karatasi ni rahisi: koili ya pili na kapasita ya pili, zifuatane moja nyuma ya nyingine, kisha zifungwe ubavuni mwa zile za kwanza kama kichochoro cha pembeni. Kwa sauti ya bonde kichochoro kinafunguka, umeme unapita. Kwenye karatasi. Waya wa shaba umebaki kidogo.

Jumanne, 11 Novemba

Imezima! Imezima! Imezima!

Sijawahi kufurahi hivi kwa kitu kuharibika. Bubu mpya, ngamia wa nundu mbili, nyekundu juu ya buluu — si sawasawa kabisa, nundu ya kwanza fupi kidogo, lakini bonde liko mahali pake. Nikaipa ngoma. Pigo la kwanza, la pili, la tano — taa nyekundu. Chumbani hakuna sauti hata ya nzi. Nikacheza peke yangu, miguu peku, bila muziki, mpaka mwanamke aliyepita na ndoo akasimama kunitazama.

Kisha kazi. Nikaiwasha tena, nikaiua tena, huku nagusa ndani kwa ncha ya kidole. Transista nne za kutolea nguvu. Tatu vuguvugu. Ya nne imeniunguza! Skrubu yake imelegea, haijalala kwenye bati lake la kupoozea. Imekaa kama mtu aliyeketi pembeni ya kiti. Kwenye rizista haipati moto wa kutosha kulalamika. Kwenye leso wala. Kwenye bonde inaungua, na amplifaya inajizima isife.

Skrubu! Miezi mitatu ya fedheha za Ruweida ni skrubu moja na tone la mafuta ya kupoozea. Nimekaza, nimepaka, nimeipa ngoma toka adhuhuri hadi magharibi. Haikuzima. Safari hii ninaposema imepona, roho yangu imo.

Jumatano, 12 Novemba

Nimempelekea Bi Ummu habari. Kafurahi, kashukuru Mungu. Kaniuliza: kama naweza kumfanya msemaji awe bubu, siwezi kumfanya bubu awe msemaji?

Sikuelewa. Kaonyesha dirisha. Nyumba ya mbele. Waya mmoja wa maikrofoni juu ya kichochoro. Yeye akae papa hapa, nyuma ya pazia, aseme maneno ya somo mwenyewe, na spika iseme kule.

Nikasema kwa waya ni kazi ya dakika chache. Kwa Bwana Saif sijui.

Bwana Saif kaja alasiri. Alikwisha sikia, sijui kwa nani, kichochoro hiki kina masikio kuliko watu. Kasimama ngazini. Bi Ummu ndani, pazia katikati, mimi kwenye kipandio cha tatu nimeshika kikapu sijui kwa nini. Kasema kwa heshima kwamba mji utasema. Kwamba kaka yake hajakauka kaburini na mkewe anasikika kwenye spika. Aliposema kaka, alishika ukuta.

Bi Ummu kasogea karibu na pazia.

“Saif, ulisema sauti isitoke nyumba hii. Haitatoka. Itaingia wayani hapa, itokee kwa watu kule,” kasema nyuma ya pazia. “Na siimbi. Namwambia mwanangu maneno ambayo nduguyo alinisikia nikiyafanya mazoezi miaka yote hiyo.”

Bwana Saif kasema atamuuliza shekhe. Kashuka. Hakunitazama mimi wala kikapu.

Alhamisi, 13 Novemba

Hakuna jibu. Amplifaya nzima. Ruweida kaja kuiangalia ikipigishwa kwenye bubu; kaona taa ya kijani, hakusikia kitu, kasema hii ndiyo ngoma ya kwanza maishani mwake anayoitazama. Paka kaulizwa hali.

Ijumaa, 14 Novemba

Bado kimya cha Bwana Saif. Nimeuliza, nimeambiwa yuko msikitini. Kila nikiuliza yuko msikitini!

Nimevuta waya hata hivyo. Bi Ummu kasema nivute. Ikija hapana, nitaushusha. Dirisha hadi dirisha, nimeupitisha juu vizuri. Nikaenda kununua njugu, nikarudi, nakuta kikoi cha mtu kimeanikwa juu yake, kinachuruzika maji. Nikakianua. Baada ya muda mfupi kanzu ya mtoto! Nikabandika karatasi: HII SI KAMBA YA NGUO. Mtu kanijibu kutoka dirishani, sasa ni kamba ya nini? Waya umelegea, unaning'inia chini kuliko nilivyouweka. Sina muda wa kuufunga upya, amplifaya inahamishwa.

Bi Ummu anafanya mazoezi. Namsikia kupitia dari, kwa sauti ya chini, anaanza, anakatiza, anaanza tena.

Jumamosi, 15 Novemba

Naandika kwa penseli, nimekaa chini ya dirisha la Bi Ummu, mgongo ukutani. Mikono haina kazi mpaka zamu ya maikrofoni, basi naandika.

Kule mbele wamejaa. Nasikia vicheko, vyombo, watoto wanafukuzwa. Harufu ya sandali na mawaridi imevuka kichochoro imeingia humu. Bi Ummu kafumba macho ilipoingia, kisha kasogea mbali kidogo na dirisha kwa hiari yake.

Ruweida ameanza. Wimbo wa kwanza. Wa pili. Nimeshika magoti.

Ngoma kubwa! Nimeisikia kwenye sakafu. Vijiko vya kabatini vimeitika vyote. Inaendelea. Inaendelea! Hapa ndipo Kibokoni ilipokufa — tumepita. Bi Ummu ananitazama mimi, hatazami dirisha. Nimemwonyesha dole gumba. Machozi yananitoka na sijali.

Wimbo umekwisha. Sasa wamenyamaza. Ruweida anasema Jannat amekaa, singo iko tayari, hakuna aliyegusa. Wanamngoja somo.

Maikrofoni mkononi mwake. Nimeiwasha.

“Bismillahi,” kasema, na sauti yake imerudi kutoka ng'ambo, kubwa, ya kujaza kichochoro chote. Kashtuka. Kaiondoa maikrofoni mdomoni. Nadhani alikuwa ameisahau sauti yake ilivyo. Kule kimya kabisa, hata watoto.

Bwana Saif! Chini hapa, namwona kwenye tundu za mbao za dirisha. Kanzu ya Ijumaa, leo Jumamosi. Anatazama juu kwenye waya. Nyuma yake tuk-tuk imebeba viti mpaka juu, inataka kupita, na waya umeinama sana, viti vitauzoa.

Amepanda juu ya baraza. Mtu mzima, mbele ya watu. Ameunyoosha mkono, ameushika waya.

Haukati. Hauachii. Tuk-tuk imezima injini. Watu wote kichochoroni wanamtazama yeye, na yeye anatazama dirisha hili, hawezi kutuona, lakini anajua tupo.

Bi Ummu hamwoni. Yuko mbali na dirisha. Ananiuliza kwa macho, kuna nini? Niendelee?

Nimeitikia kwa kichwa.

“Jannat, mwanangu,” kasema. “Mimi nipo. Anzeni na miguu —”

Mkono wa Bwana Saif unapanda juu, pamoja na waya, na tuk-tuk inapita chini yake na viti vyake vyote, sauti ya Bi Ummu haikatiki.